Chumvi isiyo na pa kwenda: kisa cha kijito cha Shingle Creek, Minnesota

Mwaka 1998 jimbo la Minnesota, Marekani, liliingiza Shingle Creek kwenye orodha yake ya maji yaliyoharibika. Ni kijito kidogo tu, cha kilomita 18 hivi, kinachopita kaskazini-magharibi mwa Minneapolis kabla ya kumwaga maji yake katika mto Mississippi. Kilichokitia orodhani hakikuwa sumu ya kiwandani wala maji taka. Kilikuwa kloridi, mojawapo ya vitu viwili vinavyounda chumvi, na chumvi yenyewe ilimwagwa barabarani na watu wenye nia njema kabisa, ili wenzao wasiteleze wakavunjika nyonga au wakagongana na magari.

Mwaka 2007 shirika la mazingira la serikali kuu ya Marekani, EPA, liliidhinisha mpango wa kukiokoa. Mpango ulitaka kloridi inayoingia kijitoni ipunguzwe kwa asilimia 71. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake Minnesota, na hadi leo kijito hicho kimo kwenye orodha ile ile. Ninakichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jinsi uchafuzi unavyoweza kuendelea miaka nenda rudi huku kila mhusika akifanya, kwa upande wake, jambo la busara. Ujinga si shida ya Shingle Creek. Wengi wanaomwaga chumvi kupita kiasi wanajua fika kwamba wamepitiliza. Wanamwaga kwa sababu anayeteleza ana wakili, na kijito hakina.

Mahali penyewe

Kijito kinaanzia Brooklyn Park, pale Bass Creek na Eagle Creek zinapokutana. Kinashuka hadi Brooklyn Center kupitia ziwa Palmer, kisha kinaingia Minneapolis. Bonde lake lote limo ndani ya kaunti ya Hennepin na linagusa miji tisa. Msomaji wa Kiswahili anayeishi Minnesota hahitaji kuelekezwa zaidi, maana Brooklyn Park na Brooklyn Center ni maskani ya Wakenya wengi wa jimbo hilo, na majirani zao Waliberia. Ndugu zetu wengi huko ni wauguzi na watunza wazee. Zamu ya asubuhi huanza kabla hakujapambazuka, na mwezi wa Januari hakuna msimamizi anayekusubiri theluji iyeyuke ndipo ufike.

Kwa hiyo simwandikii mtu anayeona chumvi ni upuuzi wa Wazungu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Marquette wa mwaka 1992 ulikuta kwamba ajali za kujeruhi hupungua kwa zaidi ya asilimia 80 barabara ikishamwagiwa chumvi. Hata ukiipunguza tarakimu hiyo nusu kwa tahadhari, bado ni watu wengi waliofika nyumbani.

Kwa asiyeijua hali ile: Minneapolis hupata theluji ya takriban sentimita 130 kwa msimu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Theluji mpya, laini, haina hatari sana. Hatari ni ile iliyokanyagwa na magurudumu hadi ikawa bamba, au ile iliyoyeyuka mchana na kuganda tena usiku ikawa utando mwembamba wa barafu usioonekana juu ya lami. Unafika hapo, unakanyaga breki, na gari linaendelea na safari yake.

Bonde la Shingle Creek ni la mjini mtupu. Barabara kuu za I-94 na I-694 zinalikata, na pembeni yake kuna maduka makubwa, maghala, shule, makanisa na maegesho ya magari, kisha nyumba. Mvua au theluji iliyoyeyuka haipati udongo wa kuinywa. Inaingia kwenye mifereji ya maji ya mvua, na mifereji hiyo haipiti kwenye mtambo wa kusafisha majitaka. Inatoka kwenye lami, inaingia kijitoni, na chochote kilichokuwa juu ya lami kinaingia nayo.

Chumvi hufanya nini, na huacha lini

Chumvi haipashi barafu moto. Inashusha kiwango ambacho maji yanaganda. Maji matupu huganda kwenye sifuri. Yakichanganywa na chumvi kwa kiasi cha asilimia 23 yanaweza kubaki maji hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Hiyo ni hesabu ya maabara. Barabarani mtu anataka iyeyushe upesi, kabla foleni ya asubuhi haijaanza, na hapo hesabu inabadilika vibaya kadiri baridi inavyozidi. Kwenye nyuzi 1 chini ya sifuri, kilo moja ya chumvi huyeyusha kilo 46 za barafu. Kwenye nyuzi 7 chini, kilo hiyo hiyo huyeyusha kilo 8 au 9. Kwenye nyuzi 12 chini haifikishi kilo 5. Ndiyo maana wahandisi wa barabara huichukulia nyuzi 9 chini ya sifuri kuwa mwisho wa manufaa ya chumvi ya kawaida.

Zirudie tarakimu hizo, maana nusu ya kisa imo humo. Usiku wa Januari kule Minnesota huweza kushuka hadi nyuzi 15, 20 chini ya sifuri bila mtu kushangaa. Mwenye duka anatoka, anamwaga chumvi mlangoni, haoni kitu. Anaongeza. Bado haoni kitu. Chembe zinakaa juu ya barafu, nyeupe juu ya nyeupe, na kuyeyuka hakuna. Siku baridi itakapolegea, jua lingeweza kuanza kazi lenyewe, lakini chumvi yote iliyolundikana kwa wiki mbili inaondoka na maji kwa mkupuo mmoja. Kwa kijito, siku mbaya ni ile ya kuyeyuka.

Kipimo kinachofundishwa na wataalamu wa Minnesota ni cha kushangaza kwa udogo wake. Chumvi ya kujaza kikombe kimoja kikubwa cha kahawa inatosha njia ya kuingizia gari yenye urefu wa mita 6, au vipande kumi vya zege vya njia ya waendao kwa miguu. Chembe na chembe ziachane kwa sentimita 7 hivi. Sasa nenda kwenye mlango wa duka lolote kubwa asubuhi ya Februari. Utaikuta imelala kiasi cha kuchoteka kwa koleo, viatu vinaikwangua, na nyingine imeshafika ndani kwenye zulia. Hiyo iliyobaki juu ya zege kavu haifanyi kazi yoyote. Inangoja mvua tu.

Inakoenda

Uchafu mwingi wa mjini una mwisho wake. Mafuta ya magari huvunjwavunjwa na bakteria polepole. Fosforasi hunyonywa na mimea, na nyingine hutulia na matope. Kloridi haina mlaji. Haioni shida kupita kwenye udongo, haigeuki mvuke, haivunjiki. Maji yakienda nayo inakwenda. Maji yakikauka inabaki. Kuitoa kunahitaji mitambo ya kuchuja kwa shinikizo, ile ile inayowapa watu wa Ghuba maji ya kunywa kutoka baharini, na hakuna halmashauri itakayoweza kulipia umeme wa kuchuja kijito kizima pamoja na maji ya chini yake.

Kiwango ambacho Minnesota inakihesabu kuwa salama kwa viumbe wa maji baridi kwa muda mrefu ni miligramu 230 za kloridi kwa lita. Ukitaka kukiona kwa macho, kijiko kimoja cha chai kilichojaa chumvi, ukikitia kwenye ndoo ya lita 19, kimeyaharibu maji yote ya ndoo hiyo. Sasa linganisha na matumizi. Eneo la Minneapolis na Saint Paul peke yake linakadiriwa kutumia takriban tani 350,000 za chumvi ya barabarani kwa mwaka.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota wakiongozwa na Heinz Stefan walijaribu kufunga hesabu ya chumvi hiyo: kiasi gani kinaingia, kiasi gani kinatoka na mto Mississippi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kwamba takriban asilimia 70 haikutoka. Ilibaki maziwani, kwenye mabwawa na vinamasi, na kwenye maji ya chini ya ardhi yasiyo na kina kirefu.

Taarifa hii inabadilisha namna ya kukitazama kijito. Mtu angedhani Shingle Creek kinaumia majira ya baridi na kupona kiangazi. Lakini Julai, mvua isiponyesha, kijito hulishwa na maji yanayochuruzika kutoka ardhini, na ardhi hiyo imekuwa ikipokea chumvi tangu barabara za eneo hilo zilipoanza kumwagiwa, miongo kadhaa iliyopita. Kwa hiyo hata katika joto la kiangazi kloridi iko juu ya hali ya asili, na kijito kinaendelea kulipa deni la miaka iliyopita. Hata malori yote yakisimama kesho, deni hilo halifutiki msimu mmoja.

Wanaoumia kwanza ni wadogo. Kuna vijidudu vya majini, vinavyoonekana kwa shida kwa macho, ambavyo kazi yao ni kula mwani. Vikipungua, mwani unasitawi, maji yanageuka kijani, na samaki wadogo wanakosa chakula. Utafiti uliofanyika katika maeneo 16 ya Marekani, Kanada, Uswidi na Hispania, na kuchapishwa mwaka 2022, ulikuta kwamba karibu katika robo tatu ya maeneo hayo aina fulani za vijidudu hivyo zilipungua kwa zaidi ya nusu kabla kloridi haijafikia viwango vya serikali. Kwa maneno mengine, huenda hata ile 230 inayolengwa Shingle Creek ni laini mno.

Kwenye maziwa kuna dhara jingine. Maji ya chumvi ni mazito, hivyo yanazama na kulala chini. Ziwa la nchi za baridi kwa kawaida hujichanganya lenyewe mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na ya kupukutika kwa majani, na ndipo oksijeni hufika chini. Tabaka zito la chumvi likishalala huko, ziwa linashindwa kujipindua, chini panakosa hewa, na fosforasi iliyokuwa imefungwa kwenye matope inaachiliwa. Ghuba ya Irondequoit iliyo karibu na Rochester, New York, ilipata hali hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Chumvi ilipopunguzwa barabarani miaka iliyofuata, mchanganyiko ulianza kurudi. Nalitaja hili kwa sababu watu wengi wakisikia kwamba kloridi haitoki wanakata tamaa moja kwa moja. Haitoki kwa kuchujwa, ila hupungua mahali ambapo maji mapya yanaingia na chumvi mpya haiingii.

Kutu ni hadithi ndefu ya peke yake: nondo ndani ya madaraja, mabomba, magari. Anayeagiza gari la mtumba kutoka Japani kuja Mombasa au Dar es Salaam anaijua bila kufundishwa. Kabla ya kulipa, anaomba picha za chini ya gari, maana gari lililotembea kwenye mikoa ya theluji linaweza kung'aa juu na kuwa limelika chini.

Asilimia 71 za nani?

Sheria ya Maji Safi ya Marekani ya mwaka 1972 ina utaratibu ulio wazi. Maji yakishaingia orodhani, jimbo lazima likokotoe uchafu wa juu kabisa ambao maji hayo yanaweza kuubeba bila kuvuka kiwango, kisha ligawe mzigo wa kupunguza. Kwa kiwanda chenye bomba moja hii ni kazi rahisi, maana unapima bomba na unamwandikia mwenyewe. Kwa Shingle Creek bomba ni kila barabara.

Waliokalishwa mezani walikuwa miji tisa, kaunti ya Hennepin na idara ya uchukuzi ya jimbo, ambayo ndiyo mwenye barabara kuu. Mzigo wa asilimia 71 uliwekwa wa pamoja badala ya kila mmoja kukatiwa fungu lake. Kwa upande mmoja ni uamuzi wa hekima, kwani theluji haianguki sawasawa na barabara kuu ya magari yaendayo kasi haiwezi kudaiwa sawa na mtaa wa nyumba. Kwa upande mwingine, mzigo wa wote ni rahisi kuwa mzigo wa asiyejulikana. Mimi ningependa ugawanywe, hata kwa makadirio, ili kila halmashauri ijue inadaiwa kiasi gani.

Hata hivyo, wenye malori walifanya kazi, tena kazi inayostahili sifa kuliko inavyopewa. Lori la kusukuma theluji la leo ni mtambo. Chini yake kuna kifaa kinachosoma joto la lami, na hilo ni tofauti na joto la hewa. Lami inaweza kuwa na joto zaidi ya hewa baada ya mchana wenye jua, au baridi zaidi alfajiri, na ndiyo inayoamua chumvi ifanye kazi au isifanye. Nyuma kuna sahani inayozunguka na kutawanya chembe, na mtambo unaodhibiti kiasi kulingana na mwendo wa lori, ili likisimama kwenye taa chumvi isiendelee kumwagika hapo hapo. Mitambo hiyo hurekebishwa kabla ya msimu kwa kumwaga chumvi kwenye turubai na kuipima kwa mizani. Kabla ya hapo, madereva wengi walikuwa wakifungua tundu kwa mazoea.

Badiliko kubwa zaidi ni maji. Chembe kavu ikianguka kutoka kwenye lori linalotembea hudunda, na sehemu kubwa inaishia kwenye majani ya kando. Ikilowanishwa kwanza kwa maji ya chumvi, inashika lami na kuanza kazi mara moja. Vilevile maji ya chumvi yenyewe hunyunyizwa siku moja kabla theluji haijaanguka. Ukiona mistari myeupe sambamba kwenye lami kavu wakati mbingu bado ni shwari, ndiyo hiyo. Theluji ikija haishikani na barabara, jembe la lori linaibandua kwa urahisi, na chumvi inayotumika ni kidogo mno kuliko ya kuivunja barafu ikishaganda.

Wakala wa kudhibiti uchafuzi wa Minnesota umekuwa ukifundisha mambo haya kwa watu wa barabara na wa maegesho, na kuwapa cheti. Matokeo yapo. Chuo Kikuu cha Minnesota kilipowafundisha wafanyakazi wake na kurekebisha vifaa mwaka 2006, kilipunguza chumvi ya mawe kwa zaidi ya asilimia 40. Mji mdogo wa Waconia, magharibi mwa Minneapolis, ulipunguza kiwango chake kwa karibu asilimia 70 baada ya kuingia kwenye maji ya chumvi na kurekebisha mitambo yake kuanzia mwaka 2010. Barabara zake zimeendelea kupitika, na fedha za walipa kodi zimebaki mfukoni.

Kuna jaribio jingine lililofanyika ndani ya bonde lenyewe, na ninalipenda kwa sababu lilikwenda kinyume na mazoea. Mji wa Robbinsdale uliweka lami yenye vitundu kwenye makutano ya mitaa, mengine mahali pa mchanga na mengine mahali pa udongo wa mfinyanzi, kisha ukaacha kuyamwagia chumvi huku ukiyalinganisha na makutano ya kawaida yanayomwagiwa. Theluji iliyoyeyuka mchana ilizama kwenye vitundu badala ya kutuama juu na kuganda usiku. Makutano yasiyo na chumvi yalistahimili. Lami ya namna hii ni ghali, hutaka kufyonzwa uchafu mara kwa mara isizibe, na haifai barabara ya malori mazito. Kwa mtaa mdogo au maegesho, hoja ya gharama si nzito kama inavyodaiwa, hasa ukiweka kwenye hesabu chumvi isiyonunuliwa kwa miaka 20.

Maegesho

Sasa tufike kwenye kiini. Mpango wa 2007 uliwashika wenye barabara za umma kwa sababu wao wana vibali vya maji ya mvua na wanaweza kuandikiwa barua. Mwenye maegesho ya duka hana kibali cha namna hiyo. Mkandarasi anayemfagilia theluji hana pia, na mafunzo ya jimbo kwake ni ya hiari. Tembea bonde hilo ukihesabu eneo la lami ambalo si la umma: maduka, zahanati, maghala, nyumba za kupanga, makanisa. Ni kubwa mno.

Mkandarasi wa theluji mara nyingi ni mtu mwenye magari mawili matatu, jembe limefungwa mbele na pipa la kutawanya chumvi limefungwa nyuma. Kiangazi hufyeka nyasi. Vijana wetu kadhaa wameingia kwenye kazi hiyo, wengine kama vibarua wa usiku, na si kazi ya kudharau, maana unaamka saa saba za usiku ili saa kumi na mbili asubuhi maegesho matano yawe tayari. Sasa mtazame mtu huyu saa kumi alfajiri. Amemaliza kusukuma. Kipimajoto kinaonyesha nyuzi 14 chini ya sifuri. Anajua chumvi haitafanya kitu. Anajua pia kwamba mkataba wake, uliotayarishwa na wakili wa mwenye jengo, unasema atawajibika kwa yeyote atakayeteleza na kuumia. Mahakamani ataulizwa swali moja: ulimwaga chumvi au hukumwaga? Chembe nyeupe zinazoonekana ni ushahidi. Akimwaga mara nne ya inavyotakiwa hashtakiwi na mtu. Akimwaga kipimo sahihi na mama mmoja akavunjika mkono, biashara yake imekwisha, au bima yake inapanda hadi asiweze kuilipa.

Mwenye jengo naye ana hesabu yake. Mfuko wa chumvi ni dola chache. Kesi ya fidia ni maelfu. Anataka kuiona chumvi, kwa macho, anapofika asubuhi. Nimesikia watu wakimlalamikia mkandarasi kwamba hakuja kwa sababu tu lami ilikuwa kavu na haina chembe, ilhali lami kuwa kavu bila chembe ndiyo kazi iliyofanyika vizuri.

Ongeza namna ya malipo. Mikataba mingi humlipa mkandarasi kwa kiasi cha chumvi alichomwaga, au kwa kila mara aliyomwaga. Hapo hata bila hofu ya mahakama, anayepunguza anajipunguzia mwenyewe mshahara. Mkataba wa msimu mzima kwa bei moja unageuza mambo, maana chumvi inakuwa gharama ya mkandarasi, naye anaanza kuipima kwa kikombe. Huhitaji kumhubiria mtu huyo habari za vijidudu vya majini. Badilisha mstari mmoja wa mkataba na atatafuta kipimajoto mwenyewe.

Jimbo la New Hampshire lililiona fundo hili mapema, lilipokuwa na shida ya kloridi kwenye vijito vya kando ya barabara kuu ya I-93. Tangu mwaka 2013 linatoa cheti kwa wakandarasi waliosoma na wanaoweka kumbukumbu za kila walichomwaga, na sheria inampa mwenye cheti kinga dhidi ya madai ya kuteleza iwapo alifuata taratibu bora. Kinga hiyo inamfikia hata mwenye jengo aliyemwajiri. Minnesota muswada wa namna hiyo umepelekwa bungeni zaidi ya mara moja. Wanaoupinga wana hoja ya kusikilizwa: aliyevunjika mguu kwa uzembe wa mtu asinyimwe mlango wa mahakama. Naiheshimu hoja hiyo, lakini naona muswada una uzito zaidi, kwa sababu kinga haimfuniki mzembe. Inamfunika aliyefanya kazi sawasawa na ana daftari la kuthibitisha.

Na mbadala je?

Kila anayesikia kisa hiki huuliza kwa nini wasitumie kitu kingine. Mchanga unasaidia magurudumu kushika siku chumvi isipofanya kazi, ila hauyeyushi chochote, na mwisho wa msimu unaziba mifereji na kujaza kijito. Kloridi ya magnesiamu na ya kalsiamu zinafanya kazi kwenye baridi kali zaidi, na ni kloridi vilevile. Maji ya viazisukari yanayochanganywa na maji ya chumvi hupunguza kiasi kinachohitajika, lakini yakifika kijitoni yanaoza na kula oksijeni. Asetati, viyeyusha-barafu visivyo na kloridi, zina shida hiyo hiyo, juu ya bei. Kwa sasa hakuna unga wa ajabu. Kilichobaki ni kusukuma theluji mapema kabla haijakanyagwa, na kutumia chumvi kidogo mahali panapoihitaji, kwa joto linaloiruhusu.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama Shingle Creek kitatoka orodhani asiishie kuyatazama malori ya halmashauri. Yameshafanya sehemu kubwa ya yaliyo rahisi. Asilimia iliyobaki imelala kwenye maegesho, kwenye mikataba iliyoandikwa Septemba kabla tone la theluji halijaanguka. Wapo Waswahili wenye sauti katika mikataba hiyo: kamati za makanisa yaliyonunua au kupanga majengo Brooklyn Park na Brooklyn Center, wenye maduka ya vyakula vya nyumbani, wenye nyumba za kutunzia wazee. Septemba inayokuja, kabla ya kutia sahihi, muulizeni mkandarasi analipwaje, kwa mfuko au kwa msimu, kama ana cheti cha jimbo, na kama anapima joto la lami. Barafu ikishayeyuka na zege likakauka, chembe zilizobaki mlangoni zifagiliwe kabla mvua haijaja, zitiwe kwenye ndoo yenye mfuniko na kutumika tena mara ijayo.